Ada Zilizohamia Usoni

Saa kumi jioni, Régine alikuwa akipepea makaa nyuma ya logement yao ya Katuba, nyumba ya kulala wageni, ili wageni wapate maji ya moto. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida yake.

Sheria mpya ilitaka mgeni aonyeshwe gharama zote kabla ya kupewa ufunguo. Mumewe, André, akaandika kwenye kibao: maji ya moto, groupe ya kuwasha umeme, taulo, chakula. Akakipigilia juu ya mlango. Kulipokucha kibao kilikuwa kitupu. Maneno yalihamia kwa watu: kila aliyevuka kizingiti, yale atakayoyalipia yalimtokea kwenye paji la uso, kwa mwandiko uleule wa André. Wageni walijisoma katika kioo, wakabishana kidogo kuhusu taulo, wakaenda kulala.

Ijumaa ya kwanza akaja Joëlle, mchuuzi wa vitenge kutoka Kipushi. Yeye hulala hapo kila Ijumaa. Paji lake lilikuwa tupu, linang'aa mafuta. Régine alilitazama weee! Wivu ukamshika.

"Joëlle, wewe hauoganga?"

"Ninaoganga, mama. Na maji ya moto."

"Sasa nani analipa?"

Joëlle alikaza kitenge chake, akaenda chumba cha mwisho bila kuulizia ufunguo.

André akarudi na samaki wa sokoni. Alipovuka kizingiti, paji likajaa: maji ya moto, groupe, taulo mbili, bukari, yaani ugali, na samaki. Ee, mwanaume huyu! Mimi Régine aliniwekea samaki lini? Ndivyo alivyojiuliza, roho ikimuuma.

"André, njo nini hii?"

"Ni loi, ile sheria mpya, mama. Hakuna kintu yenye inafichwa tena."

Mkaguzi wa serikali, aliyekuwa akinywa soda pale mapokezi, akamsoma André neno kwa neno, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Iko clair, iko wazi," akasema. "Ingekuwa logement zote ziko hivi!"

Kutoka chumba cha mwisho Joëlle akaita maji yake. André akamtazama mkewe. Régine akaenda kuipua sufuria, akajaza ndoo, akaingia nayo kwa mlango wa mbele.

Alipovuka kizingiti alihisi paji likimwasha. Hakugeukia kioo asome anacholipia yeye. Mwandiko aliujua.