Hata Bibi Yangu Angekufunga

Alasiri hiyo kinyozi alikuwa na kichwa kimoja kilichonyolewa nusu, wateja watatu benchini, na simu iliyotetemeka mfukoni. Akaizima mashine akasoma. Katika kundi la wacheza gemu ya mpira, dada fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye humo walimwita Kobe, alikuwa ameandika: "Leo nimefungwa nne kwa mbili. Ila naiomba ile nafasi moja iliyobaki kwenye timu. Najifunza haraka."

Kundi zima likacheka. Humo hakuna aliyewahi kufungwa. Mmoja alishinda ishirini bila, mwingine alicheza kwa mkono mmoja huku wa pili umebeba mtoto. Nahodha alichagua timu ya mashindano kwa kuyasoma majigambo hayo tu, na Ijumaa angetaja jina la mwisho.

Kinyozi akaandika: "Kobe, hata bibi yangu marehemu angekufunga kumi."

Bibi aliingia kabla nusu ya pili ya kichwa haijaisha. Alikuwa na mkoba wake mweusi, na vumbi kidogo mabegani. Wateja wakasogea kumpisha. Kwenye kioo hakuonekana, kwa hiyo mteja wa kitini alilazimika kugeuka ili amwamkie, akakwaruzwa juu ya sikio.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mume wangu, hujambo?" akamuuliza kinyozi. "Nasikia nina mechi."

"Bibi, yale yalikuwa maneno tu."

"Maneno tu! Umenitaja mbele ya kadamnasi, nami hata rimoti sijawahi kushika. Kamwite huyo mtoto wa watu."

Kobe alikuja na futi ya kupimia shingoni. Kinyozi akaiwasha gemu kwenye runinga ya dukani. Bibi aliishika padi ya kuchezea juu chini. Kobe akamgeuzia, akamwonyesha kitufe cha kupiga na cha kukimbia. Mechi ikaanza. Bibi aliwapasia wapinzani, kwa kuwa ndio waliokuwa karibu. Kila alipofungwa benchi lilishangilia, na sauti yake ilizishinda zote.

Magoli yalipofika kumi bila, alijifuta machozi ya kicheko. "Mke mwenzangu, unanionea!" Kisha akamgeukia mjukuu. "Haya, andika. Usipunguze hata moja."

Kinyozi akaandika: "Kobe amemfunga bibi yangu kumi. Mimi nilisema uongo. Huyu dada anaujua mpira, na ni mkweli." Akaweka na picha: Kobe, runinga, na padi ya pili ikielea hewani.

"Acha kutia chumvi," mmoja akajibu.

"Kumi? Sema tatu tukuamini."

Kuhusu padi hakuna aliyeuliza. Ijumaa nahodha alimtaja muuza viatu, aliyewahi kuandika kwamba alishinda mechi runinga ikiwa imezimwa.

Kobe alilisoma jina hilo akiwa mlangoni pa kinyozi.

"Si haki," kinyozi alisema.

"Si haki," bibi akakubali. "Njoo ukae, mwanangu. Leo hunifungi zaidi ya saba."

Alimfunga zaidi ya saba. Bibi akawa anakuja kila alasiri, na duka likajaa. Wengine walikuja kunyolewa vichwa vilivyonyolewa jana. Siku moja, bibi akijifunga kilemba vizuri huku padi imelala mapajani, mpira ulimgonga mchezaji wake mgongoni ukaingia wavuni. Benchi zima likasimama. Kobe alimkumbatia, mikono ikapenya kidogo mwilini mwake, akaikaza, ikashika.

"Bibi amefunga goli," kinyozi aliandika.

"Andika na mgongo," bibi alisema.

Akaongeza mgongo. Kwenye kundi hakuna aliyelijali goli hilo. Timu ilikuwa ikieleza jinsi mashindano yalivyoahirishwa kwa sababu wao wanaogopwa, na muuza viatu alikuwa ameshapewa unahodha msaidizi.

Bibi alikaza kilemba chake, akaishika padi upande sahihi.

"Mpira kati," alisema.