Alama ya Rangi Nyeupe

Mwenye gereji akikuapia kwamba kwake hawakosei, kumbatia mkoba wako. Lakini huyu mmoja mtaa mzima ulimwamini, na si bure. Alikuwa na kanuni yake: kila boliti ikishakazwa inapakwa mstari wa rangi nyeupe, kuanzia kwenye kichwa cha boliti hadi kwenye chuma kilichoishika. Boliti ikilegea hata kidogo, mstari unakatika na kila mwenye macho anaona. Kwa ajili hiyo watu walimbatiza Bwana Rangi, na jina hilo alilivaa kama suti ya harusi.

Ndiyo maana fundi cherehani mmoja, mwanamke wa mtaa huo huo, hakuwa na wasiwasi baba yake alipopeleka gari kufanyiwa sevisi. Lilikuwa gari dogo la zamani, lakini mzee alilitunza kama mboni ya jicho. Alikuwa ameendesha gari la wagonjwa kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka hiyo hakugonga hata kuku. Alikuwa amestaafu zamani, lakini bado kila mtu alimwita Dereva, wajukuu wakiwemo.

Siku ya tatu baada ya sevisi, gari lilimfia njiani. Injini iligonga-gonga, ikakwama, ikanyamaza. Oili yote ilikuwa imemwagika barabarani. Gari likavutwa hadi gereji, na kabla jua halijazama jibu likaja kwa simu. Bwana Rangi alisema boliti ya kumwagia oili, ile iliyo chini kabisa ya injini, imepigwa na jiwe ikalegea. Fundi wake aliikaza, alama ipo, asiyeamini aje aone. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, kwamba mzee naye amekula chumvi nyingi na macho si ya jana.

Fundi cherehani alikuwa na maneno ya kumjibu, tena ya moto. Kilichomzuia ni kwamba simu yake ilikuwa na sauti kubwa, na baba yake alikuwa amekaa pale pale. Aliyasikia yote.

Jioni hiyo Dereva alizitundika funguo kwenye msumari wa karibu na mlango. Mezani aliuliza mara mbili kama ile barabara ya nyuma ya soko ina mawe. Kesho yake akauliza tena. Siku ya nne akasema, akiwa hamtazami mtu, "Labda nililigonga. Labda sikuona."

Binti yake akaingiwa na uchungu ambao hata hasira haikuweza kuufunika. Injini ni chuma, ikifa itapatikana nyingine. Lakini mzee akianza kujishuku, spea zake unazinunua wapi? Akaacha nguo ya mteja kwenye cherehani, sindano ikiwa bado imezama, akaenda gereji na utepe wa kupimia ungali shingoni.

Bwana Rangi alimpokea vizuri. Alimvutia kiti, akakifuta kwa kitambaa kichafu kuliko kiti chenyewe, akarudia hadithi ya jiwe. Fundi cherehani akasema anataka kuiona hiyo boliti. Akaambiwa iko chini ya gari, itabidi kushuka shimoni, na humo kuna grisi. Akajibu kwamba gauni hufuliwa. Akashuka ngazi za shimo na tochi ya simu mkononi, Bwana Rangi akihema nyuma yake.

Mstari ulikuwepo kweli, na ulikuwa umekatika, nusu kwenye boliti na nusu kwenye chuma. Bwana Rangi akaunyooshea kidole kama wakili aliyekwisha kushinda kesi. Mikwaruzo nayo ilikuwepo, ingawa gari la zamani lisilo na mikwaruzo chini ni gari la kwenye picha. Mwingine angeshukuru na kupanda juu. Yeye akaomba boliti ifunguliwe mbele yake. Ilifunguka kwa vidole tu.

Akaiweka kiganjani, akaigeuza polepole. Huyu ni mtu aliyekaa miaka ishirini na chaki na mistari. Aliona kwamba rangi nyeupe ilikuwa imeingia mpaka kwenye nyuzi za boliti, chini kabisa ya kichwa chake, mahali ambapo ikishakazwa hata wembe haupiti. Na ilikuwa imekaukia humo humo.

"Kaka," akasema, "mimi huchora kwanza, ndipo nishone. Chaki yangu inasema nitapita hapa. Rangi yako inasema nimeshapita. Sasa hii imeingiaje huku ndani?"

Bwana Rangi aliichukua boliti akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji, kisha akamwita fundi wake, mtu mzima mwenye mvi, aliyefanya kazi hapo miaka tisa. Naye hakumung'unya maneno. Alieleza kwamba kopo la rangi likiachwa wazi hukauka, kwa hiyo alijizoesha kuziingiza boliti zote kwa mkono, kuzipaka zote kwa mkupuo, kufunga kopo, ndipo azipitie kwa spana. Siku ile, kati ya kopo na spana, mteja alimwita nje. Aliporudi akaona alama, akajua ameshakaza.

"Niliiamini rangi," akasema.

Bwana Rangi aliketi juu ya tairi. Akasema injini ataitengeneza yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Fundi cherehani akamwambia huo ni wajibu, si fadhila, na kwamba bado kuna jambo moja.

"Yale maneno ya macho uliyasema na baba akayasikia. Njoo uyafute kwa mdomo huo huo."

Alikuja jioni ile ile, mikono ameisugua mpaka imepauka. Alimwamkia mzee, akakaa kwenye ukingo wa kochi, akaeleza yote bila kujipunguzia. Dereva alisikiliza, na binti yake aliyaona mabega ya baba yakinyanyuka kidogo kidogo. Alifurahi mpaka akataka kulia.

Kisha mzee akauliza, "Oili ikiisha, ile taa nyekundu mbele ya dereva huwaka?"

"Huwaka, mzee."

"Ya kwangu ni nzima?"

Bwana Rangi akamtazama binti, kama anayeomba ruhusa ya kudanganya. Binti akatazama sakafu, ruhusa hakuitoa.

"Ni nzima, mzee. Tuliijaribu."

Dereva akaitikia kwa kichwa. Akamshukuru, akamsindikiza hadi mlangoni kama afanyavyo kwa kila mgeni, na aliporudi akazitoa funguo msumarini. Akaziweka kwenye kiganja cha binti yake, akakifunga.

"Jiwe sikuligonga," akasema. "Hilo nilitaka lijulikane. Lakini taa iliwaka mbele yangu na sikuiona."

Binti akakifungua kiganja, akazitazama funguo. "Baba, mimi sijui kuendesha."

"Najua. Gari likitoka gereji nitakaa kiti cha abiria nikufundishe." Akaitazama miguu ya binti. "Na uvae viatu vya kufunga. Breki za gari langu hazikanyagwi kwa ndala."