Raba Mpya za Nelly

Dorotea alikuwa mfungaji wa timu ya netiboli ya Nkowe, Ruangwa. Alipoteguka kifundo cha mguu mazoezini, muuguzi alimwonya asiruke mpaka aweze kuusimamia mguu ule bila maumivu. Nafasi yake akapewa Nelly, mdogo wake, ambaye alijifua kila jioni mpaka watu wakaanza kumsifu kuliko dada yake.

Wivu ukamwingia Dorotea. Siku ya fainali kule Nachingwea alifunga bandeji, akaifunika kwa soksi, akamwambia kocha Gidioni, "Nimepona kabisa, mwalimu."

"Dada, mbona bado unachechemea?" Nelly akamnong'oneza.

"Nyamaza wewe. Kakae benchi."

Mchezo haujakolea, akaruka kudaka mpira, akatua upande. Kifundo kikateguka tena, safari hii kano zikachanika. Nelly akaingizwa huku analia, akakosa kila mpira. Wakafungwa.

Sasa Dorotea anatembea vizuri, ila kuruka hawezi. Kinachomuuma zaidi ni Nelly kuacha netiboli. Juzi alimnunulia raba mpya, akamsihi arudi uwanjani. Nelly alimshukuru kwa adabu, akazivaa kwendea shambani kuokota korosho.