Mganga Mkuu Asiye na Ufunguo

Usiku wa jana niliota seva mpya ya hospitali yetu, kompyuta ya kutunzia mafaili ya wagonjwa, imefika, na mimi, Tunu Mbaruku, fundi wa kompyuta, nimekabidhiwa niilinde. Ilikuwa na mlango mmoja, nao ulikuwa wazi.

Ndani alikaa mzee aitwaye Mzizi, akaunti kuu ya seva. Kila kitu kilimtii. Alikohoa, ukuta mmoja ukafutika.

"Samahani," alisema. "Nikikosea hakuna wa kunizuia."

Nje palikuwa na foleni ya wageni waliokuwa wakibahatisha nenosiri. "Moja mbili tatu nne! Nakupenda! Jina la mamako!"

Faili moja likanishika mkono. "Mimi ni Bi Hadiya wa wodi ya tatu," likanong'ona. "Ugonjwa wangu hata mume wangu haujui. Wakipatia je?"

"Hawatapatia, mama."

Naanza kazi. Natengeneza akaunti yenye jina langu. Inatoka sakafuni ikiwa na sura yangu, imevaa viatu vyangu. Mzizi anaipa kibali cha kuazima nguvu zake, kwa kazi moja moja, na kila ikiazima iandikwe. Kisha nachonga funguo mbili. Wa umma, ambao yeyote aweza kuuona, naupigilia mlangoni. Wa siri, wa kuthibitisha kuwa ni mimi, naumeza.

"Sasa nifungie," anasema Mzizi. "Nimechoka kuitwa na kila mpita njia."

"Subiri kwanza, mzee. Nikifunga kabla ya kujaribu, tutabaki nje sote."

Namwacha yule Tunu wa akaunti ndani, natoka, narudi mlangoni kama mgeni. Mlango unausikiliza ufunguo tumboni mwangu.

"Pita," unasema.

Hapo ndipo ninapopiga marufuku nenosiri na kumzuia yeyote kuingia kwa jina la Mzizi. Foleni yote inabaki midomo wazi. Mzizi anavua viatu, analala.

Mara mganga mkuu, Dokta Nkinda, anafika amepanda kitanda cha wagonjwa. "Fungua! Nina nenosiri!"

"Shikamoo, dokta. Nenosiri halipokelewi tena. Nitumie ufunguo wako wa umma."

"Unajua naweza kukufukuza kazi?"

"Najua, dokta. Ukinifukuza, mlango utabaki vilevile."

Ghafla tuko kwenye uwanja wa shule yangu ya msingi. Mafaili elfu nne yamejipanga mistari. La Bi Hadiya linapiga hatua mbele na kunipigia saluti, kisha yote yanafuata. Sijawahi kusimama wima namna ile. Hata dokta anashuka kitandani, ananyoosha koti.

Niliamka kifua bado kimetuna. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa Dokta Nkinda, ambaye hajawahi kuniandikia.

"Tunu, huu hapa ufunguo wangu wa umma. Samahani kwa kukufokea jana usiku pale mlangoni."

Seva yenyewe inaletwa leo saa nne.