Bahasha Arobaini na Tatu

Kwa unyenyekevu mkubwa natamka kwamba wazo la bahasha lilikuwa langu peke yangu, na kwamba siku ile niliona ni la kishujaa.

Nilikuwa likizo. Mama yangu, Lidwina, fundi cherehani wa kata ya Mfaranyaki, alikuwa anaomba chama kimteue kugombea udiwani. Alitaka jambo moja tu: daraja pale kwenye kijito ambacho watoto wa shule ya msingi wanakivuka juu ya magogo mawili. Wapiga kura walikuwa wajumbe arobaini na watatu, na wote walikuwa wamekwishatembelewa na George, mwenye duka la saruji na mabati. George hakuzungumzia daraja. Alitoa bahasha, kila moja na elfu thelathini.

"Na wewe toa hata soda," nilimshauri mama.

"Nikinunua kura, nikiingia nitaanza kurudisha hela yangu. Daraja nitalijenga lini?"

Basi nikaenda madukani Majengo, nikanunua bahasha za kaki arobaini na tatu kwa hela yangu ya matumizi ya shule. Mama hakujua. Ndani ya kila moja nikatia karatasi: "Mjumbe mpendwa, watoto wetu wanavuka kwenye magogo. Tafakari. Lidwina." Nikazisambaza nyumba kwa nyumba, nimevaa uso wa misa ya wafu. Nilitegemea waone aibu.

Mama Hilda, mjumbe na kiongozi wa kwaya, hakungoja hata nimalize shikamoo. Aliichana palepale mlangoni. Akasoma. Akaigeuza juu chini, akaikung'uta, akachungulia ndani kwa jicho moja.

"Barua nimeiona," akasema. "Mzigo uko wapi?"

"Mzigo ndiyo hiyo barua, mama."

"We mtoto! Umekula hela yetu!"

Kufikia jioni wajumbe wote walikuwa wameshaamua. Hakuna aliyefikiria kwamba bahasha ya mgombea inaweza kutoka nyumbani kwake bila hela. Kwa hiyo mama alikuwa ametoa, na mimi nilikuwa nimeiba.

Kesho yake akaja Mzee Aidan, mkubwa wa wajumbe. Akakaa karibu na cherehani, akakataa chai.

"Lidwina, moyo wako tumeuona," alisema. "Tumesikia ulituwekea hamsini hamsini. George katupa thelathini! Shetani ni huyu mtoto wako. Kura tunakupa wewe. Hicho kilichopotea utatufikiria ukishaingia."

Mama alinigeukia. Mzee alipoondoka nikamwungamia yote, kisha nikapiga magoti, jambo ambalo masista wa bwenini wameshindwa kunifanyisha kwa miaka mitatu.

"Mama, nyamaza tu. Ni siku mbili. Acha niitwe mwizi. Utashinda, daraja litajengwa."

"Nitashinda kwa hamsini ambayo sikutoa?"

"Ndiyo! Ni bure kabisa!"

Mama akageukia cherehani. Akaendelea kushona.

Siku ya kura nilisimama nje ya dirisha la ukumbi. Kila mgombea alipewa dakika tatu. Mama alisimama, akashika kiti cha mbele yake.

"Zile bahasha zilitoka kwangu bila hela," alisema. "Mtoto wangu hakuiba, hapakuwa na cha kuiba. Sikuwawekea hamsini wala mia. Naomba kura kwa ajili ya daraja."

Akakaa. Dakika mbili zilikuwa bado zipo.

"Sasa si angenyamaza tu?" mtu alinong'ona karibu na dirisha. Simjui, lakini mpaka leo nakubaliana naye kwa moyo wangu wote.

George, kura thelathini na tisa. Mama, nne.

Mama akatoka na mkoba wake, akasimama kando kunisubiri. Lakini sikuweza kumfikia, kwa sababu Mzee Aidan alinikamata mikono yote miwili, machozi yakimlengalenga.

"Mjukuu wangu, nisamehe. Nilikuita mwizi, kumbe mtoto mwaminifu!"

Nyuma yake alikuwepo Mama Hilda. Akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

"Pole, mwanangu. Tulikukosea sana."

Wakapanga foleni. Mmoja baada ya mwingine walinishika mkono, wakaniomba radhi, wakanisifu kwa malezi mema, na mmoja akanibusu paji la uso. Niliwatazama usoni kila mmoja, nikiwatafuta wale wanne waliompa mama kura. Wote walikuwa na huruma ileile.