Gilasi ya Musoki

"Haki ya Mungu, ni kweli tupu!" Muzee Lambert aliapa, kiganja chake juu ya ukuta wa Musoki. "Hii udongo ni kaolini, mama. Haivimbake. Kama niko nadanganya, kamata nyumba yangu, mimi nilale mu hii yako."

Musoki aliinama karibu na dirisha. Alikuwa akiutazama ufa uliopanda kutoka chini ya dirisha. Jumatatu alitia alama ya makaa pale ulipoishia. Leo Alhamisi ufa ulikuwa umeipita alama kwa shubiri nzima, na mlango wa chumba walimolala watoto wake wanne haukufunguka asubuhi mpaka alipoupiga teke.

Lambert akaupiga ukuta makofi mawili, kama mtu anayesifia ng'ombe wa kuuza. Kitu kikanguruma ndani ya ukuta. Akauondoa mkono polepole.

Miaka thelathini alibeba masanduku ya mawe ya wanajiolojia kule migodini, akawaoshea vyombo, akaokota maneno yao jinsi kuku anavyookota mtama. Alipostaafu alirudi mtaani kwake Mudzipela na maneno hayo, pamoja na ulimi wa kuyapamba. Aliwahi kusimulia kwamba alibandua jani jembamba sana la mika, jiwe linalong'aa kama kioo, akachungulia, akamwona mkewe akisonga ugali mbali kule Irumu, naye mwenyewe yuko Bunia! Watu walicheka. Lakini walipotaka kujenga, walimwita.

Musoki naye alimwita, wakati wa kiangazi, kabla hajauza ng'ombe wake wa mwisho anunue matofali. Mbele ya majirani Lambert alitumbukiza donge jeupe katika gilasi ya maji.

"Angalieni! Udongo ni kitabu, majani juu ya majani. Kaolini, majani yake inashikana, maji haipate njia. Ingekuwa smektiti, maji ingeingia katikati ya kila jani, ifure, iinue hata kanisa!"

Donge likatulia chini ya gilasi. Wakampigia makofi.

Donge lile lilitoka mfukoni mwa Lambert. Lilikuwa pemba, udongo mweupe aliozoea kuutafuna baada ya chai. Shimo la msingi la Musoki lilikuwa refu, na siku ile magoti yalimuuma, hakushuka kuchukua udongo wa mle.

"Muzee," Musoki alisema sasa, "weye unapenda gilasi. Njoo."

Mezani palikuwa na gilasi, maji nusu. Musoki akafungua kitambaa: donge la kijivu, lenye vimeta vya mika.

"Nilichimba mwenyewe, chini ya ule ukuta. Nikakausha ku jiko. Rudilia ile kazi yako."

"Mama, leo macho yangu—"

"Weka."

Akaliweka. Mwanzoni hapakuwa na kitu, akavuta pumzi aanze hadithi nyingine. Kisha donge likatoa mapovu, likafunguka jani kwa jani, likapanda kama uji uliosahauliwa motoni, likafika ukingoni. Gilasi ikalia, *tii*, ikapasuka toka juu mpaka chini.

"Ile ya kwanza ilitoka wapi?" Musoki akauliza.

Lambert alikuwa na uongo hamsini ulimini. Badala yake akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha pemba kilichong'atwa pembeni.

Musoki akasogea hadi ukutani. "Kichwa ya mutoto yangu Divine inalalaka hapa," akasema, akionyesha chini ya ufa. "Hapa, muzee."

Lambert akavua ufunguo wa nyumba yake shingoni, akampa. "Nilisema mbele ya Mungu."

"Na siye tulisikia."

Watoto wakatangulia, godoro juu ya vichwa. Musoki aligeuka kizingitini. Mawingu yalikuwa yamekwisha kufunika vilima.

"Lala katikati, papa. Usikaribie ukuta."

Alipobaki peke yake, Lambert aliokota kipande cha makaa, akatia alama mpya pale ufa ulipoishia. Akakaa katikati ya chumba akiitazama, pemba imemkaukia mdomoni. Tone la kwanza likagonga bati. La pili. Kisha mengi, na chini ya sakafu, taratibu, udongo ukaanza kunywa.