Somo la Cherehani Inayoruka

Darasani walimwita Shangazi, kwa kuwa alikuwa na miaka arobaini na mitatu na wenzake wote wangeweza kuwa watoto wa kaka yake. Hakuona vibaya. Alikuwa ameshona nguo za watu miaka ishirini, na kutengeneza cherehani alikuwa amejifunza zamani, kibandani kwa kaka yake huyo. Alichokosa ni cheti, na cheti ndicho kilichompeleka chuo cha ufundi.

Muhula wa pili mwalimu wao, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, aliufuta mtihani.

"Kila mmoja achague ugonjwa mmoja wa cherehani," alisema. "Aandike namna ya kuutibu na apige picha kila hatua. Somo lake tutaliweka kwenye tovuti ya chuo, bure. Anayetaka atasoma, atanakili, na akiona kosa atasema. Darasa lijalo litasomea humo humo."

"Hata mtu asiye mwanafunzi atasoma?" aliuliza Shangazi.

"Hasa huyo."

Shangazi alichagua mashine inayoruka mishono. Wiki nzima alikaa sakafuni nyumbani kwake, cherehani imelazwa ubavu juu ya shuka kuukuu, simu mkononi, binti yake akimmulikia tochi. Akatoka na hatua tisa na picha kumi na moja. Alipomsomea binti yake, ambaye hata kutunga uzi hajui, binti alielewa mwanzo hadi mwisho.

Kaka mtu alipopata habari kwamba somo limewekwa kwenye tovuti, alinuna. Kibanda chake kilikuwa mlangoni pa soko, na nusu ya mji walimwita daktari wa mashine.

"Mdogo wangu, umenimwagia unga," alisema bila kuinua macho. "Kazi niliyokufundisha kwa mikono yangu umeitupa barabarani, kila mpita njia aokote."

"Wateja wako hawaendi popote, kaka. Wanaosoma wako mbali."

"Mbali ndiyo wapi? Simu ina mipaka?"

Siku tatu hawakusemeshana. Ya nne ukaingia ujumbe chini ya somo. Aliyeandika alijitambulisha kuwa fundi wa kiwanda cha sare za shule, katika mji ambao Shangazi hajawahi kuukanyaga. Alishukuru kwa adabu, kisha akasema hatua ya sita ina walakini. Shangazi alikuwa ameandika kwamba ile ncha ya chuma inayozunguka chini ikutane na sindano pale sindano inapofika chini kabisa. "Nimefuata maneno yako, dada," aliandika yule fundi, "mashine ikazidi kuruka."

Shangazi aliona aibu. Watu mia mbili na ushee walikuwa wameshasoma. Wazo la kwanza lilikuwa kulifuta somo lote. La pili likamzuia: mbona mashine anazotengeneza yeye zinashona? Mikono yake ilikuwa inafanya jambo ambalo kalamu haikuliandika.

Alibeba cherehani moja hadi kwa kaka yake, akailegeza skrubu inayoshika ile ncha, kaka akiona.

"Ifunge," alisema. "Mimi natazama tu."

Kaka alinung'unika, lakini hajawahi kuweza kuiacha mashine mbovu mezani. Akazungusha gurudumu, sindano ikashuka hadi mwisho. Akazungusha tena kidogo, sindano ikapanda kadiri ya unene wa sarafu. Ndipo akakaza skrubu.

"Hapo hapo. Kwa nini umeipandisha?"

"Ikipanda, uzi unalegea na kufanya kitanzi. Bila kitanzi ile ncha itadaka nini?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

Kaka aliiweka bisibisi mezani. "Hata mimi sikuambiwa," alisema. "Nilitazama mkono wa aliyenifundisha. Wewe ukatazama wangu."

"Basi rudia, nipige picha."

Kaka alinawa mikono kwanza, kwa sabuni, mara mbili.

Shangazi hakuficha kitu. Juu ya somo aliandika kwamba hatua ya sita aliikosea yeye, na kwamba imesahihishwa kwa msaada wa fundi wa kiwandani na kaka yake. Kesho yake fundi yule akajibu kwamba mashine inashona kama mpya. Mwalimu alilisoma somo mbele ya darasa, lilivyokuwa kwanza na lilivyosahihishwa, akampa Shangazi alama za juu kuliko wote, na alama hizo, alisema, ni za lile kosa na alivyolifuatilia.

Wiki mbili baadaye fundi mmoja kijana alifika kibandani kwa kaka kutoka upande wa pili wa mji. Hakuja na mashine, alikuja na swali: alikuwa amelisoma lile somo, sasa mkanda wa mota ndio unamsumbua. Kaka akamsogezea kigoda. Kisha akampigia simu dada yake.

"Hili la mkanda limeshaandikwa na mtu?"

"Bado."

"Njoo na simu yako. Na uje na daftari, maana nina mengi."

Shangazi alikuwa ameshavaa viatu.